Tanga Moja, Mikono Miwili

Riziki yangu inatoka kwenye cherehani. Nashona mahema ya harusi na ya mazishi, vifuniko vya malori, viti vya matatu, na mvuvi akipita na kitambaa chake begani, nashona tanga. Ufundi wa matanga nilifundishwa na mzee mmoja wa Kaloleni, hapa Kisumu, aliyehamia mjini kutoka Lamu wakati meli za reli zilikuwa bado zinapishana gatini. Maneno ya chombo ninayotumia, foromali (mti unaobeba tanga) na demani (kamba ya kuvutia tanga) na joshi (upande unakotoka upepo), nimeyarithi kwake. Wavuvi wa Dunga, ufuo wa jirani, wana ya kwao kwa Kiluo, na hatujawahi kushindwa kuelewana.

Nilichoka kuziba matanga bila kujua yanachanikaje. Karibu yote yaliletwa na jeraha lile lile: ama pembe ya demani imeng'oka, ama kitambaa kimesagika pale kinapogusa mlingoti. Mzee akaniambia, "Mwanangu, tanga halisomwi mezani." Familia moja ya Usoma ilipopata injini na kutaka kuiuza mashua yao ya zamani, nikainunua, nikaitia kalafati upya, yaani nikaziba nyufa za mbao zake, na kuishonea tanga kwa mkono wangu. Tangu hapo, kila biashara inapolegea, mimi hutoka peke yangu kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria na visiwa vilivyo nje yake: Rusinga, Takawiri, Mfangano, na kwa nadra Remba. Watu wananiuliza maswali yale yale kila nirudipo, basi acha niyajibu kwa pamoja.

Wengi huanza na swali la mwanamke kuingia majini. Kwa desturi za Waluo mwanamke hakupanda mashua ya uvuvi. Kazi yake ilianzia pale samaki walipotua ufuoni. Siku hizi wapo wanawake wenye boti zao na wafanyakazi wao, ila wengi wao bado husubiri nchi kavu. Mimi sivui, kwa hiyo wazee wengi wameniachia nipite. Mmoja wa Dunga aliniita "nyar Kisumo", binti wa Kisumu, akaizunguka mashua yangu akiipapasa mbao, kisha akauliza jambo moja tu: je, najua saa za upepo?

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote. Ziwa hili linaendeshwa kwa saa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hewa ikateremka kutoka milima ya Nandi na Kericho kuelekea ziwani. Jua likishachoma ardhi, mambo yanageuka, hewa inatoka ziwani kwenda bara. Kwa msafiri wa Kisumu maana yake ni kwamba kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi kuna upepo wa mashariki, mwepesi na wa kuaminika, unaokusukuma nje ya ghuba. Jua likipanda upepo huo unafifia na kukata. Adhuhuri upepo wa magharibi unaamka, saa nane hadi saa kumi uko na nguvu zake zote, na giza likiingia unalegea. Wavuvi wa matanga wamejipangia maisha juu ya ratiba hiyo tangu mababu: wanatoka na upepo wa usiku, wanarudi na samaki kwa upepo wa mchana.

Kuna Mmarekani aliyeitwa Joshua Slocum, mzaliwa wa Kanada, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga akiwa peke yake. Aliondoka Boston mwaka 1895 akarudi mwaka 1898. Katika Bahari ya Hindi, kutoka kisiwa cha Thursday hadi visiwa vya Keeling, alienda maili 2,700 kwa siku 23, na anasema usukani aliushika kwa jumla ya saa zisizozidi tatu. Chombo chake kilijiendesha, kwa sababu kule pepo za biashara huvuma upande mmoja majuma kwa majuma. Niliposoma habari hiyo nilimwonea wivu, nikaona pia kwamba haitufai sana huku kwetu. Hapa upepo unabadilika mara mbili kwa siku, na usukani uliofungwa kamba asubuhi utakupeleka kwenye mawe mchana. Wenye yoti za baharini wanaozunguka visiwa vya mbali vya joto wana starehe ya kulala na kuamka chombo kikiwa njiani. Ziwani starehe hiyo haipo. Faida yetu ni nyingine: kila jioni unaweza kulala ufuoni.

Sasa ingia ndani ya mashua, uone kwa nini saa zinamhusu zaidi mtu aliye peke yake. Tanga letu ni la pembetatu, limening'inia kwenye foromali, na foromali imelala upande mmoja wa mlingoti. Ukitaka kuugeukia upepo kwa upande wa pili, hutageuza usukani tu ukamaliza. Inabidi uisimamishe foromali wima, uizungushe mbele ya mlingoti, uivushe kamba ya demani upande mwingine, na wakati huo huo omo, mbele ya chombo, ishikwe isije ikakengeuka. Kwenye mashua za wavuvi hiyo ni kazi ya watu watatu, na wanapigiana kelele. Upepo ukiwa mwepesi naiweza peke yangu: nafunga usukani, natembea mbele nikiwa nimeinama, naivuta foromali kifuani, naizungusha, narudi. Upepo wa saa tisa alasiri siuthubutu. Ukilikamata tanga katikati ya mgeuko, litakupiga kichwa au litapindua chombo, mojawapo.

Ndiyo maana nasafiri kwa upepo mmoja kwa siku. Naangalia ninakokwenda, naangalia upepo gani unakwenda huko, nasafiri na huo mpaka ukate. Kama safari inahitaji kugeuza tanga kwenye upepo mkali, hiyo ni safari ya kesho. Wavuvi vijana wanacheka, kwa kuwa wao kwa siku moja wanaenda na kurudi. Wacheke. Wao wana mikono sita.

Kutoka Dunga hadi Mbita mtu mwenye injini anafika mchana huo huo. Mimi natumia alfajiri kadhaa. Nang'oa nanga saa kumi usiku, nafuata ufuo wa kaskazini ili milima ya Nyando na nchi ya Kano ziwe nyuma yangu, na upepo ukikata niko karibu na Kaloka au kisiwa cha Ndere. Ndere ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1986, ina swala pala, na hairuhusiwi kuteremka ukalala upendavyo. Mchana napumzika chini ya mti ng'ambo ya pili, nashona kitu chochote cha mtu yeyote, kwa kuwa fundi hakosi kazi ufuoni. Alfajiri ya pili nafuata Asembo Bay, kisha Luanda K'Otieno, panapovukia feri ya Mbita.

Ghuba ina kina kifupi, sehemu nyingi hazifiki mita kumi, na maji mafupi yana mawimbi mabaya. Hayaji marefu na ya polepole kama yale ya Lamu anayoyasimulia mzee. Yanakuja mafupi, yamesimama, yamebanana, moja likikuinua na la pili likikumwagikia kabla hujashuka. Mashua yangu ikipigwa na upepo wa alasiri karibu na Kendu Bay, nafua maji mkono mmoja, usukani chini ya kwapa, demani mkononi. Upo wangu, wa kuchotea maji na kuyamwaga nje, ni dumu la lita tano lililokatwa mshazari, limefungwa kamba kwenye taruma, ubavu wa chombo, ili lisiende na maji. Kila kitu chombomo kimefungwa. Kitu kikianguka majini hakuna wa kukirudia.

Na gugu maji je? Linajulikana kwa Kisumu nzima tangu lilipoingia upande wetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, lakini aliye kwenye meza ya samaki wa kukaanga pale ufuoni halioni kama msafiri analoliona. Gugu nalo linasafiri kwa tanga. Majani yake yamesimama juu ya maji, yanashika upepo. Upepo wa magharibi unalisukuma lote hadi kona ya Kisumu na Kendu Bay, unalikandamiza mpaka ndege wanatembea juu yake. Upepo wa usiku unalifungua kidogo. Ukirudi alasiri na upepo mzuri nyuma yako, jua kwamba huo huo umeshakufungia mlango. Mara nyingi nimelala nje, nanga imezama kwenye tope, taa za mji zinaonekana na harufu ya nyama choma inanifikia, nikingoja alfajiri ifungue njia. Mtu mmoja hawezi kulipasua gugu kwa kafi. Nimewaona wanaume wanne wakihangaika nalo nusu siku.

Tangu ziwa lilipofurika mwaka 2020 kuna hatari nyingine ambayo haijachorwa kwenye ramani ya mtu. Maji yalimeza fuo, nyua, vyoo, mashamba. Yaliposhuka hayakushuka yote. Kuna nguzo za senyenge, visiki na misingi ya nyumba chini ya maji mahali ambapo wenyeji wa zamani watakuapia ni mchanga mtupu. Nikiingia ufuo nisioujua nashusha tanga mapema, nasimama omo na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, nachokora mbele yangu. Inachosha, lakini naikubali kuliko kutoa ubao uliopasuka na kuuziba kwa kipande cha kandambili.

Usiku usio na mwezi wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wanawasha taa zao juu ya vielea, na ghuba inang'aa kama mji uliohamia majini. Pazuri kupatazama, pabaya kupapita. Chini ya kila taa kuna wavu na kamba, na boti ya wenyewe imekaa gizani pembeni. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa, na miezi hiyo natembea usiku kwa raha zaidi. Miezi mingine nachagua siku za mwezi mkubwa, omena hawavuliwi sana kwa taa wakati huo. Nyavu za mbuta, sangara kwa wengine, ni shida tofauti: zimewekewa madumu ya kuelea, na dumu la bluu alfajiri halionekani mpaka limefika kwenye gubeti, ncha ya mbele ya chombo. Usukani wangu unang'oka kirahisi kwa makusudi. Ukinasa kamba ya mtu, nauinua, kamba inateleza, hakuna wavu uliokatwa wala matusi.

Mbita kuna mlango mwembamba kati ya bara na Rusinga. Miaka ya 1980 uliwekewa tuta la mawe la kupitishia magari, maji yakazibwa. Baadaye daraja likajengwa na mlango ukafunguka tena. Mimi hushusha foromali, nalaza mlingoti, napita chini kwa kafi huku watoto wakinipungia mikono juu. Ukishapita, ziwa linabadilika. Maji yana kina, rangi imekolea, na kuna wimbi refu la chini kwa chini hata kukiwa hakuna upepo. Hapo ndipo unaposadiki kwamba ziwa hili lina kilomita za mraba karibu 68,800, na kwamba la Kenya ni asilimia sita tu.

Takawiri ina mchanga mweupe na minazi, na wageni hupiga picha huko wakidhani wako Diani, pwani ya bahari. Mara ya kwanza nilipotia nanga pale, wanawake waliokuwa wakianika omena waliacha kazi, wakasimama. Sikupokewa kwa salamu. Mmoja, mama wa makamo, aliingia majini hadi magotini, akauliza, "Wenzako wako wapi?" Nikamwambia sina wenzangu. Akaniuliza tena, polepole, kama unavyomuuliza mtoto aliyepotea sokoni. Nikaelewa baadaye kwamba kule mashua ya tanga yenye mtu mmoja ina maana moja: wengine wamekufa maji. Walikuwa tayari kupiga mayowe. Siku hizi kabla sijaondoka Mbita napiga simu kwa mwenyekiti wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, ya ufuo ninakokwenda, namwambia nakuja, niko peke yangu, mashua yenye tanga la mistari ya kijani. Simu hiyo inaondoa hofu, na ikipita saa bila kuniona kuna mtu anayejua pa kuanza kunitafuta.

Remba ina shida ya namna yake. Ni mwamba uliojaa mabati, watu wamebanana, muziki hauzimwi usiku. Mwanamke anayeshuka peke yake huko huchukuliwa kuwa amekuja kutafuta samaki, na biashara ya jaboya, ya mchuuzi kumlipa mvuvi kwa mwili wake ili auziwe samaki, haijaisha pamoja na yote yaliyosemwa juu yake. Sipati haja ya kujieleza kwa kila mwanamume. Nikifika naenda moja kwa moja kwa mama mwenye hoteli ya chai, namlipa chumba, nakaa mlangoni kwake na sindano na uzi. Nikionekana nashona, maswali yanakwisha. Mbali zaidi ya hapo siendi. Huko kuna Migingo, mwamba mdogo ambao Kenya na Uganda wameuzozania tangu mwaka 2008 hivi, na doria zinakamata watu. Mashua isiyo na injini haiwezi kuchagua upande wa mpaka wa kuangukia upepo ukikata.

Mfangano ndio kisiwa ninachokipenda. Wenyeji ni Abasuba, wengi wao sasa wanazungumza Kiluo. Kuna michoro ya kale kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone, miduara myekundu na myeupe ndani ya miduara, ambayo husemwa ilichorwa na Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya wote. Njia ya Kwitone ni ya kupanda, jasho linakutoka, na ukifika juu unaona ghuba nzima na njia uliyoijia. Nilikaa pale nikihesabu makosa ya kitambaa cha tanga langu lililoanikwa chini kabisa ufuoni, mshono mmoja ukiwa umelegea, unaonekana hata kutoka mlimani.

Tanga hilo linanileta kwenye jambo ninalotaka nilieleze vizuri. Matanga ya wavuvi wengi hayana njia ya kupunguzwa. Upepo ukizidi, wanaume wanakaa ukingoni upande wa joshi, wanatoa miili nje, uzito wao unaisawazisha mashua. Peke yangu sina miili ya kutoa. Nilianza na magunia ya mchanga, mzee akakataa: mashua ikijaa maji, mchanga utaizamisha nawe. Sasa nabeba madumu ya lita ishirini yaliyojaa maji ya ziwa. Yakiwa ndani yanatia uzito. Mashua ikijaa, dumu la maji ndani ya maji halina uzito wa kuizamisha. Chini ya viti nimefunga madumu matupu, hayo ndiyo yatakayoiweka juu. Kisha nikashona safu mbili za vikamba kwenye tanga, sambamba na foromali. Upepo ukiongezeka nashusha foromali kwa henza, kamba ya kuipandishia, nakunja sehemu ya juu ya tanga, naifunga kwa vikamba, napandisha tena tanga dogo.

Kazi hiyo inachukua muda ambao mashua haina mtu wa kuiongoza. Ndiyo sababu haifanyiki upepo ukishakuja. Inafanywa wakati bado unajiona mjinga kwa kuifanya, jua likiwaka, maji yametulia, boti zingine zikikupita na matanga yote wazi. Mtu wa pili chomboni anakupa nafasi ya kuchelewa kidogo. Ukiwa peke yako nafasi hiyo hakuna, na kwa maoni yangu tofauti yote ya kusafiri peke yako ni hiyo. Upweke ambao watu hunihurumia kwa ajili yake sijauona bado, kwa kuwa ufuoni hakuna anayekuacha ukae kimya.

Siku moja nilikuwa kusini mwa Takawiri, saa tisa, upepo wa magharibi ukivuma vizuri. Juu ya milima ya Gwassi kulikuwa na wingu jeusi lenye ukingo uliokatika sawasawa. Mzee alishaniambia: upepo wa mchana ukikata kabla ya wakati wake, usingoje kujua kwa nini. Ukakata. Tanga likaanguka kwenye mlingoti, likatulia, hata ukelele wa ndege ukasikika. Nikashusha foromali yote, nikailaza chomboni, nikaifunga mahali pengi. Nikavaa jaketi okozi ambalo nalikalia siku zote, nikahakikisha kamba ya kiunoni imekaza. Halafu nikatupa mfuko wangu upande wa omo. Mfuko huo ni wa turubai, nimeushona kama pia, mdomo mpana una duara la chuma, ncha imeachwa na tundu. Ukijaa maji unaburuta kama nanga isiyogusa chini, nao unaishikilia omo ielekee upepo.

Mashua mbili za wavuvi zilikuwa upande wangu wa kushoto. Moja ilishusha tanga. Ya pili ilitaka kuwahi Mfangano.

Upepo ulikuja kutoka mashariki, na mvua ya mawe ndani yake. Sikuona kitu zaidi ya mikono yangu. Nilikaa chini kabisa, mgongo kwenye taruma, nikifua maji na kusikiliza kamba ya mfuko ikilia kila wimbi lilipoikaza. Nyuma yangu kulikuwa na maji wazi ya kutosha, hilo nilikuwa nimelipima kabla, kwa hiyo kurudi nyuma kidogo kidogo hakukunitisha. Kilichonitisha ni radi. Ukiacha milingoti ya wale wavuvi, wangu ulikuwa kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita kadhaa, na hakuna mshono unaosaidia hapo. Tufani za aina hiyo huzaliwa alasiri juu ya nchi kavu iliyopata joto, kisha zinasukumwa ziwani jioni. Zile za usiku wa manane katikati ya ziwa ni kubwa zaidi, na ndizo zinazoua wavuvi wengi. Siku hizi idara ya hali ya hewa inatoa tahadhari kwa watu wa ziwani, redio za Kiluo zinazisoma, BMU zinazisambaza kwa simu. Mimi nazisikiliza, ila tahadhari inakuambia leo kuna tufani upande wa mashariki. Haikuambii ni saa tisa na robo, juu ya kichwa chako.

Ilipopita, mashua ya pili ilikuwa inaelea bila foromali, imevunjika katikati, tanga limepasuka toka juu hadi chini. Watu walikuwa wazima wote. Tulivutana kwa makafi hadi Mfangano, na jioni hiyo nilishona kwa taa ya simu iliyoshikwa na kijana wao mdogo. Pembe ya demani, kama kawaida.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniuliza ila yangenisaidia. Kichocho kimejaa kingoni mwa ziwa hili. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa kwenye majani, na vinatoka zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo kuoga ufuoni saa sita mchana ni kujitafutia. Mimi naoga mbali na majani, asubuhi mapema, na maji ya kuoga jioni nayachota katikati ya maji na kuyaacha kwenye dumu siku mbili, vijidudu vinafia humo. Ya kunywa nayachemsha. Hata hivyo nikirudi mjini nameza praziquantel, dawa ya kichocho, kwa sababu miguu ya baharia lazima iingie majini. Chandarua sikisahau kamwe, pwani ya ziwa ndipo malaria inaposhika sana katika Kenya. Kiboko usiku anatoka majini kwenda malishoni kwa njia ile ile kila siku, njia iliyolazwa nyasi. Ukiiona ufuoni usitandike hapo, hata kama ndipo panapopendeza zaidi. Na wadudu wa ziwa wanapopanda kama moshi juu ya maji, funga mdomo, funika chakula, subiri. Hawaumi, ila wanaingia mpaka kwenye kikombe cha chai.

Jiko langu ni la makaa, limekaa ndani ya karai lenye mchanga. Nasonga ugali kabla ya kutia nanga, upepo ukiwa umekufa, omena nimeshawakaanga nyumbani na kuwatia kwenye kopo. Petroli kisiwani ni ghali, lakini si kwa sababu hiyo tu kwamba sikuweka injini. Injini ingenifanya niondoke saa yoyote.

Wale wa foromali iliyovunjika walikuja karakana yangu baadaye, wakataka tanga jipya. Niliwaonyesha safu za vikamba. Nahodha wao, mtu mzima, alivipapasa kimoja kimoja, akaniuliza bei, akasema vimeongeza gharama bure, wao wako wanne. Nikamwambia siku ile pia walikuwa wanne. Wenzake wakaangalia chini. Tukaelewana kwa safu moja, nikampunguzia uzi. Tangu hapo nimeshonea mashua nyingine za Dunga na za Usoma, zote safu moja, hakuna aliyekubali mbili. Mmoja alizikata zote nyumbani kwa sababu zilikuwa zinanasa kwenye wavu, akaniambia bila haya, nami nikamwahidi nitazisogeza juu zaidi kwenye tanga lijalo.